Majonzi yasiyokaliwa matanga: maana yake, na namna ya kuishi nayo

Majonzi yasiyokaliwa matanga ni huzuni ya kweli ya kufiwa ambayo watu wanaokuzunguka hawaitambui au hawaipi uzito. Umepoteza mtu, moyo unauma, lakini hakuna anayekuja kukupa pole, kazini hupewi ruhusa, na ukilia unaulizwa unalia nini. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, ndiye aliyeifafanua dhana hii mwaka 1989. Alionyesha kwamba kila jamii ina kanuni zake, hata kama hazijaandikwa popote, kuhusu nani ana haki ya kuomboleza, amwomboleze nani, na kwa muda gani. Anayeangukia nje ya kanuni hizo huomboleza peke yake.

Walio nje ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwanamke aliyeachwa zamani, kisha anasikia baba wa watoto wake amefariki. Mama aliyeharibikiwa na mimba. Rafiki wa chanda na pete asiye na damu na marehemu. Dada wa kazi aliyemlea mtoto wa watu hadi akamzoea kama wake, mtoto akafa. Na yule anayelia kwa sababu mwimbaji au mwigizaji aliyempenda tangu utotoni ameaga dunia. Huyu wa mwisho ndiye anayechekwa zaidi, na ndiye nitakayekaa naye sana hapa, kwa sababu naamini mara nyingi ndani ya machozi yake mna mtu mwingine, wa damu yake.

Kwetu Mombasa msiba una utaratibu unaombeba mfiwa. Mtu akifariki alfajiri Kibokoni au Majengo, tangazo hutoka msikitini, na mara nyingi ikifika alasiri ameshasaliwa na kuzikwa. Turubai linafungwa njiani, viti vya plastiki vinapangwa, mdila wa kahawa unazunguka kwa wanaume. Ndani wanawake wamekaa mikekani na leso zao, mfiwa katikati. Anayeingia humpa mkono, humwambia maneno yale yale aliyoambiwa na waliotangulia, kisha huketi. Hana haja ya kubuni la kusema. Kwa siku tatu majirani wanashika jiko, hitima inasomwa, mkono wa rambirambi unapunguza gharama. Mjane huingia eda ya miezi minne na siku kumi, na mtaa mzima unajua. Wakristo wa mji huu wana mikesha ya nyimbo, maombi ya jumuiya, na michango ya kuusafirisha mwili hadi bara kwa waliotoka huko. Wagiriama wana ngoma ya kifudu, na kwa wazee wa chama cha Gohu husimamishwa vigango, nguzo za mbao zilizochongwa za kumkumbuka marehemu. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani, na wenyewe walivipokea kwa shangwe kama ya kumpokea mtu wao.

Kazi kubwa ya haya yote ni kumtangaza mfiwa. Watu wote wanajua kwamba fulani amefikwa, kwa hiyo akikosea hesabu dukani anasamehewa, akinyamaza katikati ya mazungumzo anaachwa. Asiyetangazwa hapati hayo. Na wapo pia wanaotangazwa lakini matanga yakaisha kabla hawajapata nafasi ya kuhuzunika, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiyaendesha.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu kwenye baraza ya nyumba yao Mji wa Kale. Pembeni mwa cherehani palikuwa na redio ya kaseti ambayo mfuniko wake ulishavunjika, amezungusha mpira kuizuia kaseti isichomoke. Baada ya sala ya alasiri hakuna kilicholia pale isipokuwa Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu. Wimbo ukifika kwenye ubeti anaoupenda, mguu unaacha kukanyaga, mikono inatulia juu ya kitambaa, anausikiliza mpaka uishe, ndipo anaendelea kushona. Binti yake alikua akimpa vifungo na kumgeuzia kaseti. Mjomba alipofariki, binamu yangu huyo hakulia. Yeye ndiye mkubwa: ndiye aliyehesabu sahani za kukodi, aliyetuma mchele uongezwe, aliyehakikisha mamake ametia kitu tumboni. Turubai likafunguliwa, akarudi kazini, watu wakamsifu kwa subira.

Miezi michache baadaye, Aprili 2014, Juma Bhalo akafariki hapa hapa Mombasa. Habari zilimkuta binamu yangu yuko juu ya mbuzi akikuna nazi. Akaiweka nazi chini, akalia hadi akashikwa na kwikwi. Wifi yake akamwambia, "Babako hukumlilia hivi, wamlilia mwimbaji?" Bibi mmoja jirani, aliyekuwa amekuja kuazima kinu, akamkatiza: "Mwache, mwanangu. Huyo amlilia babake."

Yule bibi alikuwa amesema jambo ambalo watafiti wamelizunguka kwa muda mrefu. Mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl walieleza namna watu wanavyojenga ukaribu na watangazaji na wasanii wa redio na televisheni. Ni ukaribu wa upande mmoja: wewe unamjua, yeye hakujui. Watu wengi wakisikia hivyo huona kwamba basi ni ukaribu wa uongo. Mimi sikubaliani nao. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, aliimba mashairi ya washairi wa hapa kwetu, akiwemo Ahmad Nassir Juma Bhalo, mengi kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na sauti yake ikakaa katika nyumba za pwani hii kwa miongo kadhaa. Iliposikika palikuwa na mtu anayekaanga samaki, mtu anayegombana na mkewe, mtu anayeposwa, baba anayeshona. Msikilizaji hakumjua mwimbaji, lakini waliokuwa chumbani sauti ikilia aliwajua vizuri sana. Siku mwimbaji anapokufa, wale wote wanarudi kwa pamoja, na waliokwisha kufa wanarudi kwanza.

Kila rika lina wake. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago, alipofariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, wanawake waliochezwa unyago zamani waliwakumbuka masomo wao, wale waliowafunda. Zein l'Abdin, fundi wa udi kutoka Lamu aliyeishi Mombasa, alituacha mwaka 2016. King Majuto wa Tanga alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Zipo nyumba nyingi hapa ambazo vichekesho vyake ndivyo vilivyokuwa vikimkalisha babu na wajukuu mbele ya televisheni moja. Waliokuwa shule ya upili mwaka 2003 hawajaisahau ajali ya gari iliyomchukua E-Sir, msanii wa kufoka wa Kenya, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mzee anayemcheka mwanawe kwa kumlilia kijana wa kufoka afikirie ni sauti gani iliyokuwa ikisikika yeye mwenyewe alipokuwa na miaka 16.

Niseme pia kwamba si kila anayemlilia msanii ana ndugu nyuma yake. Wengine wanamlilia msanii mwenyewe, kwa sababu nyimbo zake ziliwashika walipokuwa hawana wa kuwashika, na hilo peke yake linatosha. Huzuni haiombi kibali.

Kwa nini basi kilio cha binamu yangu kilingoja? Maelezo yanayonikaa sana akilini ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema mfiwa anaishi pande mbili. Upande mmoja ni kuhuzunika kwenyewe: kulia, kukumbuka, kutazama picha, kwenda makaburini. Upande wa pili ni kuyashughulikia maisha yaliyobadilika: ada za shule, mirathi, nani sasa atafungua duka. Mfiwa mwenye afya huenda na kurudi baina ya pande hizi, hata mara kadhaa kwa siku moja. Anacheka na wanawe saa nne, saa sita analia bafuni, na hakuna unafiki wowote hapo. Shida huja anapokwama upande mmoja. Anayekwama kwenye kilio hawezi kuishi. Anayekwama kwenye shughuli huonekana shujaa, na machozi yake hubaki ndani yakingoja mlango. Kifo cha msanii ni mlango mmojawapo. Mwingine ni harufu ya udi, au harusi ambayo marehemu angekuwepo.

Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukana, hasira, kubembelezana na majaaliwa, kuzama katika huzuni, kukubali. Hatua hizo zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa wao wenyewe. Waliofiwa hawazifuati kwa mpangilio, na wengi hawapitii zote. Usimwambie mtu kwamba kufikia sasa alitakiwa kuwa kwenye hatua fulani.

Mwili nao hushiriki. Usingizi hukatika saa nane usiku, chakula hakina ladha, unasahau umeweka wapi funguo, unasikia mlango ukigongwa vile alivyokuwa akigonga. Haya huwapata wafiwa wengi, na kwa kawaida hupungua. Maumivu ya kifua yasipuuzwe, kwani mshtuko wa huzuni unaweza kuudhoofisha moyo kwa dalili zinazofanana kabisa na mshtuko wa moyo. Mwenye maumivu hayo aende hospitali achunguzwe.

Kuna kundi moja mjini hapa ambalo hutajwa kidogo mno: waliofiwa mwaka 2020. Mei mwaka huo Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu ya korona, watu wasiingie wala kutoka, na mazishini waliruhusiwa watu wachache tu. Wapo waliomzika mzazi bila ndugu zao kuwepo, bila turubai, bila mkono wa mtu, maana hata kushikana mikono kulikatazwa. Julai 18 mwaka huo huo akafariki Charles Bukeko, Papa Shirandula wa televisheni, na nchi nzima ikamlilia. Sitashangaa kama wengi waliomlilia walikuwa na kaburi jingine moyoni. Kama wewe ni mmoja wao, hujachelewa. Hitima husomwa hata baada ya miaka. Waite ndugu, pika sinia la pilau, kila mmoja aseme jambo moja alilolikumbuka, pamoja na yale ya kuchekesha. Watoto wawepo, wala msiwaambie amesafiri. Mtoto aliyeambiwa hivyo humngojea arudi.

Wengine huona aibu ya kidini, wakidhani kulia au kuendelea kuhuzunika ni kukosa imani. Siku tatu ni kikomo cha maombolezo ya hadharani kwa asiye mjane. Moyo haukuwekewa tarehe. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, akasema kwamba jicho linatokwa na machozi na moyo unahuzunika, lakini hasemi ila linalomridhisha Mola wake. Kilichokatazwa ni kujipiga na kuchana nguo. Kuhusu kucheza nyimbo za msanii aliyefariki, familia zinatofautiana: kuna wanaozicheza kwa mapenzi, kuna wanaoona ni kumwongezea mzigo. Anayepata tabu hapo anaweza kuyasoma mashairi yenyewe bila ala, akamwombea dua, akamtolea sadaka. Kumbukumbu inahifadhiwa vilevile.

Simu nazo zimeleta jambo jipya. Zamani habari ya kifo ililetwa na mtu, akakukalisha kwanza. Sasa inaingia kwenye WhatsApp ukiwa ndani ya feri ya Likoni, na mara nyingine habari za wasanii kufa huwa ni uzushi. Subiri familia ithibitishe kabla ya kusambaza. Ukiona unatazama video za marehemu hadi usiku wa manane na kila siku unaamka umechoka zaidi, jiwekee wakati maalumu wa kutazama, ikibidi pamoja na mtu mwingine. Na zile sauti fupi alizokurekodia marehemu wako, zihamishe mahali pengine mapema. Simu huibwa na simu huharibika.

Kwa anayetaka kumsaidia mtu wa namna hii, swali moja linafaa kuliko nasaha zote: "Alikuwa nani kwako?" Kisha umwache aseme. "Jikaze" haifai, "wewe si wa kwanza" ndiyo mbaya kabisa. Anayemlilia mwimbaji, mwulize alianza kumsikiliza wapi na akiwa na nani. Mara nyingi jibu litakupeleka moja kwa moja kwa mtu wa nyumbani.

Wakati mwingine huzuni inapita mipaka ya kuliwazwa na jirani. Shirika la Afya Duniani limeitambua hali ya majonzi ya muda mrefu: hamu kali ya marehemu isiyopungua kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi cha mila na dini ya mtu mwenyewe, hadi kazi, nyumba na afya vinaharibika. Usingoje miezi hiyo sita iishe ikiwa mtu anasema anataka kumfuata marehemu, ameacha kula, au ameanza kuzamisha huzuni kwenye pombe, miraa au unga. Mombasa kuna huduma ya afya ya akili katika hospitali ya umma ya Port Reitz, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri. Ukifika kwa daktari, usianze na usingizi na kichwa kuuma peke yake. Mwambie nani amekufa, lini, na kama ulipata kukaa matanga.