Ruhusa ya mume na njia ya Ikulu

Kila mwaka wanafunzi wangu wa siasa na jinsia huniuliza: kinachowazuia wanawake ni dini au mila? Huwa nawarudisha Dar es Salaam ya 1955. TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, ina mwaka mmoja tu, inatafuta mwanamke wa kuwaingiza wenzake chamani. Wanamfuata Bibi Titi Mohamed, Mwislamu, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Ila kwanza mumewe anaombwa ruhusa. Anakubali.

Ruhusa ile ilikuwa mila imeshika ufunguo. Lakini sauti ya Titi, uzoefu wa kusimama mbele ya watu, na wanawake aliowafikia kupitia viongozi wa vikundi vya ngoma, vyote vilitoka ndani ya mila hiyohiyo. Vikundi vile vya pwani vilikuwa na vyeo, michango, sare na ushindani mkali. Kwangu mimi ile ilikuwa shule kamili ya siasa; wanaume hawakuiita hivyo kwa kuwa waliosoma humo walikuwa wanawake.

Upande wa dini, hoja inayoletwa mara nyingi ni hadithi ya Mtume iliyopokewa na sahaba Abu Bakra, katika mkusanyo wa Bukhari: hawafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Wapo wanazuoni wanaoichukua kuwa hukumu ya jumla. Wengine hukumbusha kwamba ilisemwa Waajemi walipomtawaza binti wa Kisra, mfalme wao, na kwamba Suratun-Naml katika Qurani inamsimulia malkia wa Sabaa akishauriana na wakuu wake kwa busara. Naegemea hawa wa pili. Na Unguja ya Waislamu ilitawaliwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17.

Samia Suluhu Hassan alianza kwa viti maalumu vya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000, akapata ubunge wa Makunduchi 2010, umakamu wa Rais 2015. Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, Katiba ndiyo iliyompandisha kuwa Rais. Wapiga kura hawakuwa wameulizwa kama wako tayari kuongozwa na mwanamke.

Wanaogombea majimboni bado wanaulizwa swali la 1955: mumeo anasemaje? Mmoja aliniambia kwamba kila mkutano humketisha mumewe mstari wa mbele, humwomba asimame awapungie watu mkono, ndipo yeye aanze kuomba kura.