Hatari ya mawe ya urani haiko pale wengi wanapoidhania

Wengi huamini kwamba lori lenye mawe ya urani, madini yanayotoa mionzi, likikupita tu barabarani, umeshadhurika. Wengine husema jiwe ni jiwe, halina neno mpaka litengenezwe bomu. Kauli hii ya pili ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa wanaoilipia ni wachimbaji.

Urani ikiwa bado mwambani huvunjika polepole mno, atomi kwa atomi, na njiani huzaa radiamu, metali nyingine ya mionzi, kisha radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Shimoni kusikopita hewa, gesi hiyo hujikusanya. Mionzi yake ya alfa huzuiwa hata na karatasi au ngozi, lakini ukishaivuta gesi yenyewe, inapiga mapafu moja kwa moja. Radoni ni kati ya visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Vumbi la mawe hayo nalo hufuata njia ileile.

Tazama Shinkolobwe, mgodi wa Katanga nchini Kongo, kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945. Mgodi ulipofungwa, watu waliendelea kuchimba kobalti, metali ya kutengenezea betri, kwa mikono, na kobalti ya pale imechanganyika na urani. Walibeba magunia mgongoni, wakaenda nyumbani na vumbi nguoni, watoto wakawapokea.

Na lile lori? Miale ya gama hupenya, ndiyo, ila hupungua upesi kadiri unavyokaa mbali. Mpita njia hupata kidogo sana. Utingo anayelala juu ya magunia safari nzima, bila turubai wala barakoa, huyo ndiye aliye hatarini.