Mashindano ya kuvua kwa ndoano ziwani: maana yake na namna mshindi anavyopatikana

Uingereza kuna mchezo unaokalisha watu ukingoni mwa maziwa na mabwawa kila mwisho wa wiki. Wavuvi ishirini, hamsini, wakati mwingine zaidi, huketi kila mmoja mahali pake na kuvua kwa muda uliopangwa, mara nyingi saa tano. Kisha samaki wote hupimwa na kurudishwa majini wakiwa hai. Hakuna anayeondoka na kitoweo. Mshindi si lazima awe aliyenasa samaki mkubwa kuliko wote, wala aliyenasa wengi kuliko wote. Ni yule ambaye samaki wake wote, wakipimwa kwa pamoja, ni wazito zaidi. Mambo mengine yote ya siku hiyo yanatokana na kanuni hii ya uzito wa jumla.

Waingereza huwagawa samaki wa maji baridi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni samoni na trauti. Fungu la pili ni karibu wengine wote: rochi, brimu, tenchi, pachi, karpi. Mashindano haya ni ya fungu la pili. Msomaji wa Kenya anawafahamu wawili kati ya hawa: trauti, ambaye walowezi walimpeleka kwenye mito ya Mlima Kenya, na karpi, aliyeingia Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akazagaa. Mito ya Uingereza hufungwa kwa samaki wa fungu hili la pili kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni ili wazaane kwa utulivu, lakini maziwa na mabwawa mengi hubaki wazi mwaka mzima. Ndiyo maana mashindano mengi hufanyika huko.

Siku huanza kwa kura. Kuzunguka ziwa kuna vigingi vyenye namba, na kila mshindani huchomoa namba yake bila kuiona. Hapo ndipo wengine hutabasamu na wengine hunyamaza, kwa sababu ziwa si sawa kila mahali. Brimu hutembea kwa makundi, na kundi likiwa mbele ya kigingi namba 12, aliye namba 20 anaweza kutazama maji matupu hadi jioni. Kigingi cha mwisho wa safu hupendwa sana, kwani upande wake mmoja hauna jirani wa kugawana naye samaki.

Kabla ya kipenga, mshindani huandaa vifaa lakini haruhusiwi kuvua. Anachofanya kwa uangalifu mkubwa ni kupima kina: huning'iniza chubwi kwenye ndoano, hulishusha hadi chini, na kurekebisha kiboya mpaka ajue chambo kitakaa wapi hasa. Tofauti ya sentimita chache inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupata na kukosa. Wengi hutumia ufito mrefu wa kaboni, unaoweza kufika mita 16, usio na gurudumu la kukunjia mshipi. Mshipi hufungwa kwenye uzi wa mpira uliopita ndani ya ncha ya ufito, na samaki anapovuta, mpira hunyooka na kumchosha. Mvuvi huurudisha ufito nyuma yake, akitenganisha vipande, hadi samaki afike karibu na wavu wa kuopolea. Mabwawa mengi hudai ndoano isiyo na kijino cha nyuma, ili mdomo wa samaki usichanike. Vichubwi vingi vya risasi vilipigwa marufuku kuuzwa mwaka 1987, baada ya kugundulika kwamba batamaji walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu yake.

Kipenga kikilia, kazi ya kwanza kwa wengi ni kulisha. Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo, na kwa maoni yangu ndipo ustadi unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Chakula kinachorushwa ni funza, mahindi matamu, tembe za chakula cha samaki, au unga uliolowanishwa na kufinyangwa madonge. Ukirusha kidogo mno, samaki huenda kwa jirani. Ukirusha kingi mno, hushiba kabla hawajaiona ndoano yako, na kilichokwisha kuzama huwezi kukirudisha. Basi mshindani hodari hulisha kwa vipimo vidogo, husubiri majibu ya maji, kisha huamua. Mara nyingi hulisha sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja: moja mbali, nyingine karibu kabisa na ukingo, ambayo huiacha ipoe hadi saa ya mwisho, karpi wakubwa wanaposogea.

Chukua hesabu hii. Saa tano ni dakika 300. Anayenasa rochi mmoja wa gramu 30 kila dakika bila kukosea atakuwa na kilo 9. Jirani yake aliyekaa kimya karibu siku nzima akapata karpi watatu wa kilo 3 kila mmoja, naye ana kilo 9. Je, uchukue wadogo walio hakika, au ungoje wakubwa ambao huenda wasije? Swali hili humrudia mshindani siku nzima, tena akiwaona majirani wanavyofanya. Wadogo wakikataa saa ya tatu, lazima ajue kama amalizie mahali pale au ahame.

Samaki walionaswa hukaa kwenye wavu mrefu uliotandazwa majini. Penye karpi wengi huwekwa kikomo cha uzito kwa kila wavu, wasibanane wakaumia.

Kipenga cha mwisho kikilia, wapimaji hupita kigingi kwa kigingi na mizani inayoning'inia kwenye miguu mitatu. Huhesabu kwa ratili na wakia. Katika mashindano mengi ya Uingereza, samaki mla wenzake aitwaye paiki hahesabiwi. Viingilio hugawiwa washindi, na kwa kuwa kura ina nguvu kubwa, ziwa hugawanywa sehemu, na kila sehemu ina zawadi yake. Hivyo aliyepata upande mbaya hushindana na wenzake wa upande uleule.

Mashindano ya dunia, yaliyoanza mwaka 1957, yameifikisha kanuni hiyo ya kugawa sehemu mbali zaidi. Kila nchi huweka mvuvi mmoja katika kila sehemu. Wa kwanza wa sehemu hupewa pointi 1, wa pili 2, na kuendelea, na mwenye jumla ndogo kabisa baada ya siku mbili ndiye bingwa. Uzito mkubwa uliotokana na kigingi kimoja cha bahati haumbebi mtu. Alan Scotthorne wa Uingereza ameshinda ubingwa huo mara tano, na Bob Nudd mara nne, moja ikiwa mwaka 1994 kwenye ziwa la kupigia makasia la Holme Pierrepont, Nottingham, mbele ya watu wa nchi yake.