Je, wajua kwa nini jukwaani tunamwona nyanya wa karatasi, hatuwaoni wanafunzi waliomshika?

Juzi nilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja hapa Mombasa, wanafunzi wakionyesha mchezo wao wa vikaragosi, wale wanasesere wanaochezeshwa na watu. Mhusika mkuu alikuwa nyanya: kichwa cha karatasi na gundi, mikono iliyokatwa kwenye godoro kuukuu, na leso mbili zilizopauka. Vijana wawili waliomchezesha walivaa nguo nyeusi lakini hawakujificha. Walisimama nyuma yake, nyuso wazi, taa zikiwamulika. Nyanya akapanda ngazi tatu za mbao, akatua, mabega yakapanda, yakashuka. Mtoto aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mamake: "Maskini, amechoka."

Amechoka, si kimechoka. Karatasi na godoro havichoki, na mtoto yule Kiswahili chake anakijua. Ila ulimi wake ulikwisha kumpa nyanya uhai.

Chanzo ni jinsi akili inavyosoma mwendo. Mwaka 1944, huko Marekani, wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikisogea kando ya kijumba cha mistari. Kati ya watu 34 walioombwa waeleze tu walichokiona, ni mmoja aliyezungumzia maumbo matupu. Wengine karibu wote walisimulia habari za viumbe wanaogombana na kufukuzana. Pembetatu haina jicho wala mdomo. Mwendo wenyewe ulitosha.

Lakini si kila mwendo. Handspring, kundi la vikaragosi la Cape Town lililounda farasi mkubwa aliyepanda jukwaani London mwaka 2007, hushikilia kwamba kikaragosi sharti apumue kwanza, hata akiwa amesimama tu. Ndiyo siri ya yale mabega ya nyanya. Kinachopumua tunakihesabu kuwa hai kabla hatujapata muda wa kubisha.

Kuna na macho, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Binadamu hufuata macho ya mwenzake. Mtu akitazama juu barabarani, nawe utatazama juu. Wale vijana hawakutuangalia sisi hata kidogo, walimkazia nyanya macho, nasi tukayafuata mpaka kwake. Katika Bunraku, sanaa ya kale ya Japani, kikaragosi mmoja huchezeshwa na watu watatu, na mkuu wao mara nyingi huonekana uso wazi, lakini watazamaji huzama katika huzuni ya kikaragosi.

Nilipata ushahidi palepale. Katikati ya onyesho simu ililia, kijana mmoja akainua macho kututazama. Haikufika hata sekunde mbili, lakini nyanya alikufa. Nikaona gundi iliyokauka shingoni, nikaona godoro. Kijana akarudisha macho, akavuta pumzi pamoja naye, na nyanya akarudi.

Mchezo ulipokwisha, mtoto yule alisogea jukwaani. Kijana alikuwa amechuchumaa, akikunja leso ili amtie nyanya kwenye boksi. Mtoto hakumwangalia. Alisimama mbele ya kile kichwa cha karatasi akasema, "Shikamoo, nyanya."

Kijana akaacha kukunja. Kichwa kikageuka taratibu, mabega yakapanda.

"Marahaba, mjukuu wangu."