Mkono unaokoroma: vena inavyojifunza kazi ya ateri

"Mwanangu, huu mkono wangu unakoroma kama paka."

Aliniambia hivyo bibi mmoja, siku tatu baada ya kufanyiwa upasuaji mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Usiku alikuwa ameulalia shavuni, akasikia mngurumo, akadhani damu inavuja ndani kwa ndani. Niliweka vidole juu ya kidonda chake nikausikia mtetemo. Nikafurahi kuliko yeye. Nikamwomba asiulalie tena, halafu nikavuta kiti nimweleze, kwa sababu mngurumo ule ndio tuliokuwa tunauombea.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Wagonjwa wangu figo zimewashinda, na mara mbili au tatu kwa wiki, kadiri mtu anavyomudu, nawachoma sindano mbili nene: moja ya kupeleka damu kwenye mashine, nyingine ya kuirudisha mwilini. Chuoni tulichora mishipa ya damu kama mabomba, jekundu linatoka moyoni na la bluu linarudi. Miaka ya kuishika kwa vidole imenionyesha kwamba mchoro ule ulituficha jambo kubwa. Bomba ukilifunga leo, baada ya miaka 20 ni lilelile, labda limeongeza kutu. Mshipa wa damu ukuta wake ni hai, na hujijenga kufuatana na kazi unayoupa.

Neno lenyewe kwanza, maana Kiswahili kimelitwisha mengi. Kuna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mwanamume akisema "nina mshipa" huenda anamaanisha ngiri. Asiye na haya tunasema amekatika mshipa wa aibu. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia mshipa unamuuma, sina budi kumuuliza ni upi. Hapa nazungumzia ya damu tu: ateri zinazotoka moyoni, vena zinazorudi, na kapilari zinazoziunganisha.

Chukua ateri na vena zilizoongozana, zikate, ziangalie kwa hadubini. Zote zina tabaka tatu. La ndani kabisa ni safu moja ya seli bapa, iitwayo endotheli, ambayo damu huteleza juu yake bila kuganda. La kati ni misuli laini na nyuzi zinazonyumbuka. La nje ni koti la nyuzi imara linaloushikiza mshipa kwenye nyama ya jirani. Kwenye mishipa mikubwa koti hilo lina vimishipa vyake vidogo vya damu, kwa sababu ukuta ni mnene mno kushibishwa na damu inayopita ndani yake. Mwanafunzi akinielewa hapo, najua ameacha kuwaza mabomba. Hakuna bomba linalohitaji kulishwa.

Tofauti kubwa iko kwenye tabaka la kati. Ateri imesheheni misuli, na ukiikata mdomo wake hubaki duara. Vena hujilaza bapa kama soksi tupu. Ni suala la presha. Ateri ya mkono wa mtu mwenye afya hubeba takribani 120/80, milimita za zebaki. Damu ikishamaliza kupita kwenye kapilari imebaki na kama 15, na ikikaribia kuingia moyoni imekaribia sifuri. Kila ukuta umejengwa kwa mzigo wake.

Ndiyo maana ateri nazo hazifanani. Aorta, yenye upana wa kama sentimita 2.5, imejaa nyuzi zinazonyumbuka. Moyo ukipiga inatanuka, moyo ukipumzika inajirudi na kuendelea kuisukuma damu, hivyo mtiririko haukatiki kati ya pigo na pigo. Kadiri unavyoshuka kuelekea mikononi na miguuni, nyuzi hizo zinapungua na misuli inazidi, mpaka unafika kwenye viateri vidogo kabisa ambavyo ni koki tupu: vikibana, damu inaelekezwa kwingine. Baada ya hapo ni kapilari. Kapilari imebakiwa na endotheli peke yake, na nyingine ni nyembamba kuliko seli nyekundu yenyewe, ambayo hulazimika kujikunja ili ipite. Oksijeni inavuka kwa urahisi kwa sababu hakuna ukuta wa maana wa kuizuia.

Vena watu huidharau. Mtu akiwa ametulia, kama theluthi mbili ya damu yake yote imo kwenye vena, zinazotanuka kuipokea na kubana mwili unapoihitaji. Na kwa kuwa presha yake ni ndogo, vena za mikono na miguu zina vali, vijikuta vyembamba vinavyoruhusu damu kupanda tu. Daktari William Harvey wa Uingereza alizitumia mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu huzunguka, na jaribio lake unaweza kulifanya sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka vena zitokeze. Bonyeza moja kwa kidole karibu na kifundo, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwikoni kwa sentimita kadhaa, halafu ondoa hicho cha juu. Damu iliyokwisha kupita vali hairudi, na kipande cha katikati kinabaki bapa. Ondoa na cha chini: kinajaa papo hapo. Mimi huwafanyia wanafunzi wangu siku ya kwanza, na kila mara kuna anayelirudia mara tatu.

Sasa turudi kwa bibi. Mashine ya kusafisha damu huhitaji mililita 300 na zaidi kila dakika. Vena ya kawaida ya mkononi haina damu ya kasi hiyo. Ateri inayo presha, lakini imejificha chini, na kuichoma sindano nene kila wiki ni kuiharibu. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner na wenzake walipata njia ya kuacha mipira miwili mkononi, mmoja kwenye ateri na mwingine kwenye vena, ikiunganishwa nje ya ngozi. Iliokoa maisha, ila iliganda damu na kuingiza vijidudu. Kisha mwaka 1966 James Cimino, Michael Brescia na wenzao wa New York, akiwemo mpasuaji Kenneth Appel, wakachapisha wazo ambalo hadi leo naliona zuri kupita kiasi: acha mipira, shona ateri na vena zenyewe pamoja chini ya ngozi.

Kiungo hicho kinaitwa fistula. Si ile fistula ya uzazi, na jina hili limewatia hofu akina mama wengi, kwa hiyo nalifafanua kabla hawajauliza.

Ateri ya upande wa dole gumba kwa kawaida hupitisha makumi machache ya mililita kwa dakika. Ikishashonwa na vena, damu inapata njia isiyo na koki wala kapilari, na mtiririko unaruka hadi mamia. Damu hiyo ikiingia kwa vurugu, ukuta unatikisika. Huko ndiko kukoroma. Endotheli ya vena, ambayo maisha yake yote ilizoea damu ya polepole, inahisi msuguano na kutoa gesi ya nitriki oksaidi, inayoiambia misuli ilegee. Mshipa unatanuka. Katika wiki zinazofuata, kwa kuvutwa na presha mpya, ukuta unaongeza misuli na nyuzi na kuwa mnene. Vena ile ile, mahali pale pale, inaanza kufanana na ateri. Tunasema fistula imeiva, na kipimo chetu ni namba 6: baada ya wiki kama 6, damu mililita 600 kwa dakika, upana milimita 6, na isiwe chini ya ngozi kwa zaidi ya milimita 6.

Si zote huiva. Wakati mwingine seli za ukuta hukua kuelekea ndani, karibu na mshono, na kuuziba mlango. Na kuna wanaofika kwetu hawana tena vena ya kushona, jambo linaloniuma zaidi kwa sababu tungeweza kulizuia. Bibi huyu mkono wake wa kulia ulikuwa hivyo. Alipougua miezi ya nyuma alitundikiwa dripu hospitali nyingine, branula, kijibomba cha kupitishia dripu, ikawekwa kwenye vena ile kubwa ya upande wa dole gumba, mara kwa mara, kwa kuwa ndiyo inayopatikana haraka. Nilipoipapasa ilikuwa ngumu kama uzi wa katani, imeziba kabisa. Mwenye figo zinazodhoofika achomwe nyuma ya kiganja, si kwenye kigasha. Mgonjwa ana haki ya kulisema hilo, na muuguzi mwenzangu naomba ulisikilize. Mkono ukishapata fistula, usipimiwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usifungwe saa ya kubana. Kila asubuhi uguswe. Mtetemo ukinyamaza, mtu aje hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi aliugusa kila alfajiri, kabla ya kutia udhu. Wiki ya nane nilimlaza, nikamfunga mpira juu ya kiwiko, vena ikasimama nene kama kidole. Nikatumia sindano nyembamba kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza. Alifumba macho. Damu ikapanda kwenye mpira, si ile nyeusi-nyeusi ya vena niliyoizoea, bali nyekundu ya kung'aa.