Mwisho wa msaada: tarehe inayoamua lini ubadili Windows

Mwisho wa msaada ni tarehe ambayo mtengenezaji wa mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows) huacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa toleo fulani. Windows 7 ilifika hapo 14 Januari 2020, Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Kwenye stesheneri za Mwanga au Ujiji, Kigoma, inaendelea kuchapa barua za maombi ya kazi kama jana, na ndiyo maana wengi huona tarehe hizi ni vitisho vya wauza kompyuta.

Vitisho sivyo. Kila mfumo una matundu, yaani kasoro ambazo mhalifu anaweza kupenyea, na huendelea kugunduliwa mwaka hadi mwaka. Toleo lenye msaada linazibwa, la zamani linabaki wazi. Tena matoleo haya yana sehemu nyingi zinazofanana: Microsoft ikiziba tundu kwenye Windows 11, mhalifu anaweza kuchunguza kile kiraka (sasisho la kuziba tundu) akajua pa kuipenyea Windows 10. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, kikazikuta mashine nyingi hazijakiweka. Na usijifariji kwamba mashine yako haina intaneti. Ya stesheneri inachomekewa flashi za wateja kutwa nzima!

Kwa hiyo anayeuliza apige windo mpya (yaani aweke Windows mpya) lini aanze na tarehe hiyo, urembo wa skrini baadaye. Toleo jipya likitoka leo, na lako bado linahudumiwa, subiri miezi kadhaa kasoro zake zirekebishwe.

Kinachotukwamisha hasa ni mashine za mtumba. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Soma namba kabla ya kutoa hela: i5-6300U ni kizazi cha 6, inakataliwa, i5-8250U inapita. Wapo mafundi wanaoiweka kwa kuruka masharti, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, kwa hiyo umelipa ufundi na tatizo unalo bado. Kwa mashine ya namna hiyo mimi ningeweka Ubuntu 24.04 LTS, mfumo endeshi mwingine wa bure (LTS ni toleo la msaada wa muda mrefu), iliyotoka Aprili 2024 na inayosasishwa bure kwa miaka 5. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaona kama printa yako inaelewana nayo. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows tu, tafuta mashine nyingine.

Kabla ya kubadili, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Upakuaji unakula GB kadhaa, bando la usiku litakuokolea hela. Laptop iwe na betri inayokaa, ya mezani iwe na UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati mashine inaweza kugoma kuwaka. Na usianze wiki ya mitihani, wanafunzi wamepanga foleni mlangoni.