Protini ya mkebe haiendi moja kwa moja kwenye mitokondria

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka katika makundi ya WhatsApp hapa Nairobi: koroga unga wa protini kwenye uji, nayo itaingia moja kwa moja katika mitokondria, "injini" za seli, na uchovu utaisha.

Si kweli. Protini unayokula, iwe ya unga huo au ya ndengu, humeng'enywa tumboni na kwenye utumbo mdogo, na hufika katika damu hasa kama asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Kisha seli huvitumia kujiundia protini zake. Mitokondria huhitaji aina zaidi ya 1,000 za protini, lakini DNA yake yenyewe ina maagizo ya 13 tu. Nyingine huundwa nje yake, nyingi zikiwa na kipande cha mwanzo kilicho kama anwani, kisha hupitishwa kwenye milango maalumu zikiwa zimekunjuliwa kama uzi. Ni mpangilio wa kustaajabisha! Mkanganyiko unatoka hapo: protini huingia kweli, ila ni zile zilizoundwa ndani ya seli hiyohiyo.

Hakikisha mwenyewe katika kitabu cha baiolojia cha sekondari, sura ya mmeng'enyo wa chakula. Uchovu usioisha mweleze daktari. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole.